Nafasi ya Pili Iliyotundikwa Ukutani

Blogu hii nimeifungua kwa hasira, na sioni haya kusema hivyo. Mimi ni Mwalimu Ndinda. Nimefundisha ngumbaru, yaani watu wazima wanaojifunza kusoma na kuandika, kwa miaka ishirini na saba, Kibera na baadaye Kawangware, na mwezi uliopita nilistaafu. Ofisi ya mradi wetu iliniomba kurasa mbili za kumbukumbu kwa ajili ya jarida lao, ati walimu wachanga wapate kujifunza kutoka kwangu. Nikaandika. Zikarudi zimechorwa mistari kila mahali: hii toa, hii punguza, hii itaudhi wafadhili. Kilichobaki kilikuwa habari za keki ya kuniaga. Nikavaa viatu, nikaenda cyber, duka la intaneti, hapa Riruta Satellite ninakoishi, nikamwambia dada wa kaunta anionyeshe mahali mtu anaweza kuandika bila kuomba ruhusa ya ofisi.

"Unataka blogu, mathe?"

Nikamwambia kama hiyo ndiyo dawa, basi anipe hiyo.

Nawaandikia nyinyi walimu wachanga. Mshahara sitauzungumzia kwa sababu hamna cha kuzungumzia hapo. Vyeo pia tuviache, maana nilianza mwalimu na nimemaliza mwalimu. Nitawaambia kazi yenyewe ilivyokuwa, halafu nitawaambia nilichomfanyia mwanamke mmoja, ambacho ofisi walikichora mstari kuanzia juu hadi chini.

Siku yangu ya kwanza niliingia kwa ukumbi wa kanisa Laini Saba, huko Kibera, ukumbi wa mabati unaotetemeka treni ikipita. Ilikuwa saa nane mchana. Ngumbaru hufundishwa saa nane kwa sababu wakati huo akina mama wanaofulia watu nguo wamemaliza, na mambo ya chakula cha jioni hayajaanza. Mimi nilikuwa nimetoka kufundisha nasari huko Machakos, na sikujua tofauti. Nikasimama mbele ya watu kumi na wawili wazima, nikapiga makofi, nikasema, "Haya, simameni tuimbe." Wakasimama. Watatu waliposimama hawakukaa tena, walienda zao. Mzee mmoja fundi wa viatu akabaki amesimama akinitazama kwa huruma.

"Mwalimu," akasema, "mimi niko na wajukuu sita. Nifundishe kama mtu."

Aliyeniokoa ni Mwalimu Muli, Mungu amlaze pema. Alikuwa mzee wa Kitui, mwembamba, koti moja jua na mvua, na alikuwa amekaa benchi la nyuma akinitazama nikiharibu. Hakunigombeza. Alinipeleka kibandani nje tukanywe chai, na mafunzo yote ya kazi hii niliyapata hapo, kwa kikombe kimoja na mandazi mawili. Usimnyooshee mtu mzima kidole ati ajibu swali. Usitumie kalamu nyekundu. Tumia penseli, na kosa likisharekebishwa lifute, asirudi nyumbani na daftari linaloonekana limechinjwa. La mwisho alilisema mara mbili: ukikutana na mwanafunzi wako barabarani, usimsalimie. Ngoja akusalimie yeye. Akikupita kama hakujui, na wewe humjui.

Nikamuuliza kwa nini, maana kwetu kumpita mtu bila salamu ni utovu wa adabu.

"Kwa sababu ukimwita," akasema, "aliye naye atauliza mmejuana wapi."

Wiki hiyo hiyo nikaanza kuelewa. Hakuna mtu aliyekuja darasani na daftari mkononi. Madaftari yalikuja chini ya mboga za sukuma kwa kikapu, ndani ya mfuko wa sabuni ya unga, mengine yamekunjwa na kuingizwa kwa soksi. Bawabu mmoja alikuwa amemwambia mkewe kwamba kila Jumatatu na Alhamisi anaenda kliniki. Mke akaona hii kliniki imezidi, akamfuata siku moja akiwa tayari kusikia habari mbaya, akamkuta ameshika chaki anaandika "baba". Alikaa chini akafunika uso kwa leso. Wiki iliyofuata akaja na daftari lake mwenyewe, chini ya nyanya.

Kuhusu vifaa, chaki mtanunua wenyewe, msingoje ofisi. Ubao wangu wa kwanza ulikuwa kipande cha plaiwudi nilichosugua na kaboni ya betri kuukuu za redio. Lakini kifaa kilichonifaa kuliko vyote ni kopo la miwani. Nilikuwa naokota miwani ya mitumba soko la Toi, moja moja, naosha, natia kwa kopo. Kabla hujasema mtu mzima ni mzito wa kuelewa, mvalishe miwani kwanza. Kuna mama alikaa darasani miezi minne akitikisa kichwa tu. Nikampa ya kopo, akatazama ubao, akasema polepole, "Kumbe huwa unaandika mambo." Miezi minne, jameni, na mimi nilikuwa nimeandika kwa ripoti kwamba hana bidii.

Tena msianze na a, e, i, o, u. Muulize mtu anataka kusoma nini, muanzie hapo. Mmoja alitaka kadi ya kliniki. Mwingine alitaka ripoti ya shule ya mtoto wake, kwa sababu kila muhula mtoto alimwambia amekuwa namba nne. Siku alipojua kusoma tarakimu mbili zikikaa pamoja, akagundua ni arobaini na nne. Nilisikia huyo mtoto alikoma.

Sasa nifike kwa Mama Mumo. Hilo si jina lake. Alikuwa na kibanda cha mboga kando ya reli, mwanamke mrefu, mwepesi wa mzaha, na kanisani kwao, kanisa lile lile lenye ukumbi wetu, alikuwa mtu wa kuheshimiwa. Kila mwezi yeye ndiye aliyesoma Neno mbele ya watu. Kwa hivyo alipoingia darasani nilidhani amekuja kuniuzia nyanya. Akasema amekuja kujifunza. Nikampa kitabu, nikamwambia anisomee kidogo nijue nimweke kundi gani. Akatoa Biblia yake mwenyewe kwa kikapu, akaifungua, akasoma ukurasa mzima kwa sauti nzuri bila kukwama hata mara moja. Mimi nilikuwa namtazama macho. Macho yake hayakusogea.

Akanieleza siri yake: Mumo, binti yake, alikuwa anamsomea mara tatu kila Jumamosi kabla ya zamu yake, na mama anashika yote. Yote. Jumapili anasimama, anafungua pale binti alipotia karatasi, na kanisa zima linasema amina. Miaka mingapi, sikuuliza. Mume wake hakujua. Mkwe wake hakujua. Watu waliojua walikuwa Mumo, na kuanzia siku hiyo, mimi.

"Mwalimu, mimi sitaki cheti," akaniambia. "Nataka siku moja pasta abadilishe somo ghafla, na mimi nisitoke jasho."

Alikuja miaka miwili. Sijapata kumwona mwanafunzi akifanya kazi vile. Kichwa kile kilikuwa adui yake, kwa sababu alikuwa anashika sentensi nzima kabla jicho halijamaliza neno la kwanza, kwa hivyo ilibidi nimwandikie upuuzi ambao hauwezi kukisiwa: mbuzi amevaa soksi za pasta, kabeji imeenda Mombasa kutafuta kazi. Alikuwa anasoma neno kwa neno, akifika mwisho anacheka mpaka benchi linasogea.

Halafu Jumapili moja pasta akabadilisha somo. Alisimama tu akasema leo tusome mahali pengine. Mama Mumo akafungua mahali pengine, akasoma. Polepole, aliniambia, polepole mpaka mtoto mmoja akalala, lakini alisoma. Hakuna mtu hata mmoja aliyejua kilichotokea pale mbele. Jumatatu alikuja darasani kabla ya saa nane, akasimama mlangoni na kikapu kichwani akicheka, akasema, "Amebadilisha."

Ingekuwa nimeachia hapo, leo nisingekuwa na hasira na mtu. Lakini nilikuwa na fahari, na fahari ilinifanya mjinga. Kila mwisho wa robo tulikuwa tunaandika ripoti, na mratibu wa mradi alikuwa anatusumbua tutie ndani hadithi, si hesabu ya wanafunzi peke yake. Hadithi, walimu, hadithi ndiyo inagusa watu. Nikaandika ya Mama Mumo. Nikaiandika yote: Mumo, Jumamosi, karatasi kwa Biblia, amina. Nilijiambia ni ripoti tu, inaenda kwa faili. Hakuna mtu aliyenilazimisha, na mwenyewe sikumuuliza. Nilimuuliza kitu kimoja tu, kama naweza kumpiga picha akiwa ubaoni, akasema sawa, akidhani ni ya darasa.

Miezi michache baadaye tukaambiwa wageni wanakuja kuona darasa. Viti vikakodiwa, maikrofoni ikaletwa. Ukumbi ni wa kanisa, kwa hivyo waliopika pilau ni chama cha akina mama wa kanisa. Hapo ndipo nilipaswa kushtuka. Sikushtuka. Nilikuwa nahangaika na kitambaa cha meza.

Mratibu akasimama. Alikuwa kijana wakati huo, sauti nzuri, anajua kunyamaza mahali pa kunyamaza. Akasema kati yetu kuna mama ambaye kwa miaka yote amekuwa akisimama kanisani na Biblia mkononi, na hakuwa anajua hata herufi moja. Akanyamaza. Akasema binti yake ndiye alikuwa anamkaririsha. Akanyamaza tena. Halafu akamwita mbele kwa jina lake, akasema, "Leo huyu mama amepata nafasi ya pili."

Akina mama wa chama walikuwa wamesimama mlangoni na sufuria. Nawaona mpaka leo. Mmoja alikuwa ameinua mwiko na hakuushusha. Wageni walipiga makofi, wengine wakajifuta macho, na Mama Mumo akaenda mbele kwa sababu ameitwa, akasimama pale, akapiga makofi na yeye. Alijipigia makofi. Kisha akarudi nyuma akachukua kikapu chake akatoka, na wageni wakadhani ni haya tu ya mama wa Kiafrika.

Nafasi ya pili. Hilo neno nililichukia siku hiyo na bado nalichukia. Ya kwanza ilikuwa lini? Mama Mumo alikuwa na miaka saba alipoambiwa abaki nyumbani achunge mbuzi ili kaka zake wasome. Hakufeli mtihani. Hakutoroka shule. Alinyimwa. Sasa mtu akipewa akiwa na arobaini kile alichonyimwa akiwa na saba, hiyo ni nafasi ya pili kivipi? Ni ile ya kwanza imechelewa, na aliyeichelewesha ndiye anafaa asimame mbele ya watu aombe radhi. Badala yake tunamsimamisha yeye, tunamwanika, na sifa zinaenda kwa mwenye maikrofoni.

Jumapili iliyofuata ilikuwa zamu yake, na somo likapewa mtu mwingine. Bila kikao, bila neno. Kitabu cha chama, ambacho miezi hiyo yeye ndiye alikuwa anakiweka, kikaombwa "kwa muda". Kando ya reli watoto wakaanza kumwita Mama Kasuku, na watoto hawajitungii majina kama hayo, wanayasikia nyumbani. Sasa alikuwa anajua kusoma kuliko nusu ya wale waliokuwa wanamcheka, lakini nani angemwamini? Akishika Biblia watu wanatabasamu. Kuhusu nyumbani kwake siandiki, na mtaona kwa nini. Kabla ya mwezi kuisha kibanda kilikuwa cha mtu mwingine, nikaambiwa amehamia Kawangware.

Nilienda kwa mratibu. Nilikasirika mpaka nikasahau kubisha mlango. Nikamwambia, umemuua huyu mama. Akanivutia kiti.

"Mwalimu, usilichukulie hivyo. Wageni walilia."

"Yeye je?"

"Si wewe ndiye uliandika?" akasema. Taratibu kabisa, bila ubaya. Na ilikuwa kweli, kwa hivyo nikatoka.

Mkitaka kujua nani alipata nafasi ya pili siku zile, ni mimi. Niliharibu, na Jumatatu nikarudi darasani. Hakuna mtu aliyenipa jina la ndege. Hakuna aliyeninyang'anya chaki. Mwalimu Muli, ambaye wakati huo alikuwa ameshaanza kuugua, aliposikia alifumba macho tu kwa muda mrefu, na hilo liliniuma kuliko kama angenitukana. Tangu siku hiyo sikuandika hadithi ya mwanafunzi tena. Nilipeleka hesabu peke yake, na kwa ukaidi huo nikahamishiwa darasa la Kawangware, wakidhani ni adhabu.

Huko ndiko nilikomwona Mama Mumo tena. Alikuwa anauza vitunguu karibu na soko, amenenepa kidogo, leso kiunoni. Niliona uso wake kabla hajaniona, na alipogeuka macho yetu yakakutana wazi, hatua tatu hivi. Akaniangalia. Kisha akanipita na macho, akaendelea kupanga vitunguu. Basi na mimi sikumjua, kama nilivyofundishwa. Nilikuwa napita hapo karibu kila siku ya kazi, miaka tisa, na kwa miaka hiyo tisa hatukusalimiana.

Nikafika kustaafu. Ofisi ya mradi siku hizi iko mtaa wa Olympic, ghorofani, na mimi sikuwa nimefika huko tangu wahamie. Niliingia siku ya kuagwa nimevaa nguo yangu ya harusi za watu, na ukutani, kutoka dirishani hadi mlangoni, Mama Mumo alikuwa ananiangalia. Ile picha yangu. Amesimama ubaoni, chaki mkononi, anacheka kwa sababu nilikuwa nimemwandikia mambo ya kabeji. Chini yake kwa herufi kubwa: HAKUJUA HATA HERUFI MOJA. LEO ANA NAFASI YA PILI. Kijana mmoja wa ofisi akaniambia kwa furaha kwamba hiyo ndiyo picha yao inayopendwa sana, iko hata kwa kalenda na kwa tovuti. Mratibu ni yule yule, ila mvi na tumbo. Alikata keki chini ya bango hilo akasifu miaka yangu. Na mimi nikala. Nilikula keki nikasema asante, jameni, na nilipofika nyumbani nikashindwa hata kuvua viatu kwa hasira, na hasira yenyewe haikuwa juu yao peke yao.

Ndipo nikaandika zile kurasa, wakazichora, nikaenda cyber. Nilipiga chapa kwa kidole kimoja siku nne. Siku ya nne dada wa kaunta akainama begani kwangu akasema, "Bonyeza hapo mathe, iende." Kidole changu kikasimama. Nilikuwa nimemwandika yote tena. Mumo, karatasi, nyumbani kwake, mpaka mambo niliyoyasikia tu. Safari hii ilikuwa si kwa ripoti ya robo, ilikuwa kwa dunia nzima, na bado sikuwa nimemuuliza. Nikamwambia dada asitume, anitolee kwa karatasi.

Kesho yake nikaenda Kawangware, nikasimama mbele ya vitunguu, nikavunja sheria ya Mwalimu Muli.

"Habari ya leo, Mama Mumo."

Hakuinua macho. "Unataka vya hamsini ama vya mia?"

"Sikuja kununua."

"Basi sogea, unazibia wateja."

Nikasogea. Nikamwambia kutoka pembeni kwamba nimestaafu, kwamba nimeandika mambo ya kazini na yeye yumo ndani, kwamba karatasi yenyewe sijaituma popote. Akisema hapana nairarua hapo hapo mbele yake.

Akafuta mikono kwa leso. "Leta."

"Nikusomee?"

Neno lilinitoka hivyo hivyo, mimi mwalimu wa miaka ishirini na saba. Akaniangalia, na nilitamani ardhi inimeze.

"Nimesema leta."

Alisoma akiwa amesimama. Midomo yake haikusogea. Wateja walikuja akawapimia, akawarudishia chenji, akarudi mahali alipoachia bila kutafuta. Mimi nilikuwa nimesimama kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Akafika mahali akaomba kalamu.

"Haya ya nyumbani kwangu uliyatoa wapi?"

"Nilisikia. Laini Saba."

"Basi hayo ni ya Laini Saba. Si yangu." Akachora mstari, aya tatu nzima. "Na hapa umesema nililia. Sikulia. Ulikuwepo?" Akachora. "Ya Mumo na Jumamosi acha ibaki. Hiyo walishaimwaga, na mimi sioni aibu ya kuwa na kichwa kizuri."

Kisha akafika kwa bango. Hakujua. Ni mimi nilimjulisha, kwa karatasi yangu, kwamba miaka yote hiyo alikuwa kwa ukuta wa watu. Alisoma hapo mara mbili. 

"Iko wapi hiyo ofisi?"

"Olympic."

"Saa hii wako?"

"Wako mpaka saa kumi na moja."

Akamwambia jirani wa nyanya amwangalilie, akafungua leso ya kazi akafunga nyingine safi, tukaenda. Tukapanda ngazi mpaka ofisini.

Mratibu alitupokea kwa mikono miwili. "Mwalimu wetu, umetukumbuka tayari?" Halafu akamgeukia yeye. "Na huyu mama ni nani?"

Alikuwa amesimama chini ya uso wake mwenyewe, mkubwa kama mlango, na huyu mtu hakumjua.

Mama Mumo aliinua macho akasoma yale maneno kwa sauti, polepole, kila neno. Akamgeukia. "Hakujua hata herufi moja. Siku hiyo nilikuwa nazijua zote. Kama singezijua mngenipiga picha ya nini?"

Hapo ndipo akamtambua. Nilimwona akitafuta sauti yake nzuri na kuikosa. Akasema picha hii imesaidia watu wengi sana. Akasema ni heshima. Akasema hawakujua anaishi wapi, wangemwita kwa sherehe.

"Iteremshe."

"Mama, hii ni mali ya mradi. Kuna utaratibu."

"Niandikie huo utaratibu."

Nadhani alifurahi, kwa sababu kuandika ndiyo kazi anayoijua. Akapiga chapa pale pale, akatoa karatasi kwa mashine, akaiweka mezani na kalamu juu yake, kidole kimeshaonyesha mahali pa sahihi. "Hapa tu, mama. Ni kawaida, inasema picha haitatumika tena."

Mama Mumo akavuta kiti akakaa, akaanza kusoma kuanzia juu, jina la mradi na anwani ya posta. Mratibu akatazama saa. Kidole cha mama kikashuka mstari kwa mstari, kikasimama.

"'Isipokuwa katika shughuli za mradi na wafadhili wake.' Shughuli gani nyingine mnazo?"

Mratibu akavuta karatasi kwake akaitazama.

"Toa."

Akatoa. Akachapa nyingine. Mama Mumo akasoma tena kuanzia juu, jina la mradi na anwani ya posta, hakuruka kitu. Akasimama mahali pengine.

"'Katika muda ufaao.' Muda ufaao ni lini?"

"Ni hivi karibuni, mama."

"Andika leo."

Akaandika leo. Akaandika na kalenda, akaandika na tovuti, kwa sababu aliambiwa aandike. Ya tatu ilisomwa kama ya kwanza, neno kwa neno, na hakuna aliyetazama saa. Kisha akamsogezea kalamu.

"Sasa tia sahihi wewe."

Akatia. Mama Mumo akakunja karatasi akaitia kifuani, akasukuma kiti ukutani, akaniambia, "Mwalimu, shika." Nikashika kiti. Akapanda akafungua kamba nne za bango, moja moja, akalikunja, akalitia kwapani. Alisema ni zuri kwa mvua, litafunika vitunguu.

Tulipofika barabarani nilimwambia nilichopaswa kumwambia miaka yote ile. Nilimwambia nilikosa mimi kabla ya mratibu, na kwamba naomba anisamehe. Alisikiliza mpaka nikamaliza.

"Ile karatasi yako," akasema, "kaiandike upya bila nilivyokata, utie na ya leo, halafu uniletee."

"Na hilo nililoomba?"

"Niletee kwanza."

Nilimpelekea Jumatano. Akakuta nimeacha nusu sentensi katika zile alizochora, akaichora tena, akanirudisha cyber na karatasi yangu. Nikampelekea tena Ijumaa. Ukiona maneno haya hapa, jua ameyasoma kabla yako.